Ukuta Usiopigwa Lipu

Mgeni akiuliza mambo ya kale mjini Biharamulo, huelekezwa kwanza kwenye boma la Wajerumani. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, likatekwa na Wabelgiji Juni 1916, likaingia mikononi mwa Waingereza, na kuta zake nene bado zimesimama. Kwa ikulu ya Suwarora, mfalme wa Rusubi, mambo ni mengine. Mwaka 1861 mfalme huyo alimkwamisha Mwingereza John Hanning Speke kwa majuma kadhaa, akamtoza hongo ya nguo na shanga, na wala hakukubali kuonana naye. Lakini alitawala ndani ya uzio wa miti na nyumba za nyasi, na vitu hivyo havina umri mrefu. Utawala wa machifu ulipofutwa kwa sheria nchi nzima mwaka 1963, tawala za Rusubi huko Biharamulo, na Bushubi na Bugufi wilayani Ngara, zilibaki bila ikulu ya kukaliwa na bila jengo la kuonyeshwa wageni. Wengi wamehitimisha kwamba historia ya Ngara na Biharamulo inaanza pale mawe yanapoanza. Nadai kinyume chake: jengo ni mtunzaji dhaifu wa kumbukumbu, na jambo lililovunjwa hudumu pale tu linapogeuzwa kuwa wajibu mdogo wa kila nyumba.

Ushahidi mzito wa dai hili uko mbali na Kagera, mkoa wa wilaya hizi. Mwaka 70 majeshi ya Roma chini ya Tito yaliliteketeza Hekalu la Yerusalemu, kama Wababeli walivyofanya kwa lile la kwanza mwaka 586 kabla ya Kristo. Hekalu hilo halikuwa nyumba ya ibada kama kanisa la kigango, ambalo likiungua watu huhamia kigango cha jirani. Ndipo mahali pekee palipotolewa sadaka, ndipo makuhani walipofanyia kazi, ndipo malimbuko yalipopelekwa. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia kwamba baada ya maangamizi hayo walitokea watu wengi walioapa kutokula nyama wala kunywa divai, kwa kuwa nyama iliwekwa madhabahuni na divai ilimiminwa hapo. Rabi Yehoshua mwana wa Hanania aliwafuata akawabana kwa hoja yao wenyewe: basi waache na mkate, maana sadaka za unga zimekoma, waache matunda, maana malimbuko yamekoma, waache hata maji, maana nayo yalimiminwa madhabahuni. Walinyamaza. Akawaonyesha njia ya kati: kutoomboleza kabisa hakuwezekani, na kuomboleza kupita kiasi hakuwezekani pia, kwa sababu watu hawawekewi amri ambayo wengi wao hawataimudu.

Kutokana na shauri hilo zikapatikana kanuni za nyumbani, na uzito wake uko katika udogo wake. Mtu akijenga nyumba apige lipu kuta zote, ila aache kipande cha dhiraa moja kwa dhiraa moja, mkabala na mlango, ili kila anayeingia akione. Akiandaa karamu, apunguze kitu kidogo katika vyakula. Mwanamke akijipamba, asitimize mapambo yote. Bwana arusi apakwe majivu kidogo kichwani. Juu ya hayo, vizazi vilivyofuata viliihesabu meza ya chakula kuwa mahali pa madhabahu. Mkate hutiwa chumvi, kama Mambo ya Walawi ilivyoagiza kwa kila sadaka. Mama akikanda unga mwingi hukata donge dogo na kulichoma, kwa kuwa makuhani hawawezi tena kutakaswa ili walile fungu lao. Wako wanaofunika visu kabla ya sala ya kushukuru baada ya mlo, kwa sababu mawe ya madhabahu hayakuruhusiwa kuguswa na chuma. Usiku wa Pasaka mfupa uliochomwa huwekwa mezani badala ya mwanakondoo, wala hauliwi. Na arusini bwana arusi huvunja glasi kwa kisigino. Mwanzo wa desturi hiyo unaelezwa kwa zaidi ya namna moja, lakini kwa karne nyingi imeshikwa kama ukumbusho wa Yerusalemu.

Anayedhani kwamba nguvu ya nyumba ni jambo la Wayahudi wa kale tu na aitazame Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari aliyekuwa amewatumikia Waingereza, aliachana na Ukristo karibu na Mbale na kushika Uyahudi pamoja na wafuasi wake, ambao hadi leo huitwa Abayudaya. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao katika miaka ya 1970, masinagogi yalifungwa, na jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ikapungua hadi kama 300. Hao wachache waliobaki walisali kwa siri majumbani. Kisha tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mbele ya majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni, katika vita ambavyo watu wa Kagera hawahitaji kusimuliwa. Jioni ya siku hiyo ndipo Pasaka ya Wayahudi ilipoanza. Jumuiya ikainuka tena, na mwaka 2008 mwana wao Gershom Sizomu akawekwa kuwa rabi huko Marekani. Aliyefunga masinagogi alifunga milango, lakini meza zilikuwa nje ya uwezo wake.

Sasa turudi Ngara. Kabla ya ukoloni Bugufi ilikuwa chini ya mwami, yaani mfalme, wa Burundi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikakatwa na kubaki Tanganyika. Sherehe kuu ya ufalme wa Burundi ilikuwa umuganuro, ambapo ngoma takatifu Karyenda ilitolewa, mwami akaonja mtama, na nchi ikapata ruhusa ya kupanda. Wabelgiji waliikomesha mwaka 1929 chini ya msukumo wa wamisionari, na nchini Rwanda sherehe ya aina hiyo ilikuwa imekwisha kuzuiwa mwaka 1925. Ikulu zilinyamaza, ngoma zikawekwa kando. Lakini wazo la kwamba mazao mapya hayaliwi ovyo lilikuwa na makao ya pili, yaani nyumba, ambako wazee wa familia huonja kwanza na watoto hukusanyika kwao. Ndiyo sababu Rwanda ilipoirudisha Umuganura kama siku ya taifa, Ijumaa ya kwanza ya Agosti, haikulazimika kuifukua kutoka makumbusho. Ilikuta familia zinazojua maana ya kuonja mavuno pamoja. Sherehe iliyokuwa na ngoma, makuhani na ikulu ilipoteza vyote vitatu, ikaokolewa na chungu cha jikoni.

Pingamizi la kwanza ni kwamba Wayahudi walikuwa na maandishi, nasi wa ukanda huu tulitegemea mdomo. Ni kweli kwamba bila Talmudi tusingejua hoja ya Rabi Yehoshua. Lakini kitabu kilihifadhi mabishano ya wanazuoni. Mtoto aliyekuwa bado hajasoma herufi moja alikwisha kukiona kipande cha ukuta kisichopigwa lipu na kumwuliza baba yake. Na maandishi peke yake hayatoshi. Speke aliandika kurasa nyingi kuhusu Rusubi, na kurasa hizo hazijamfanya mtoto yeyote wa Biharamulo amkumbuke Suwarora mezani. Kitabu humngoja mwenye kukifungua, ilhali ukuta humkabili kila anayeingia.

Pingamizi la pili litatoka kwa wachungaji na masheikh, nalo ni zito: je, kukumbuka ikulu na ngoma si kufufua mizimu na kubandwa, yaani ibada ya kupagawa na mizimu? Hapa mfano wa Wayahudi unasaidia zaidi, kwa sababu wao waliogopa jambo hilo hilo. Jamii nyingi za Wayahudi wa Ulaya hazili nyama ya kuchoma usiku wa Pasaka, ili mtu asije akadhani wanatoa sadaka nje ya Hekalu. Kumbukumbu yao haiigizi kilichopotea. Inaonyesha kwamba hakipo. Kuacha dhiraa moja ya ukuta si ibada. Mkristo au Mwislamu wa Ngara anaweza kuwaeleza watoto wake siku ya kuonja mtama mpya kwamba zamani siku hii ilikuwa ya nchi nzima, bila kupiga ngoma yoyote wala kumwomba mzimu yeyote.

Pingamizi la tatu ndilo linaloumiza, na Ngara inalijua kuliko wilaya nyingi. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja na kuijaza kambi ya Benaco, na miongoni mwao walikuwamo viongozi wa mauaji ya kimbari walioendelea kuamrisha watu ndani ya kambi. Huko kumbukumbu ya kupoteza nchi ilitumika kuchochea, si kuponya. Je, si heri kusahau? Jibu liko katika kiasi. Desturi za nyumbani za Wayahudi zina mpaka uliopimwa: dhiraa moja, chakula kimoja, pambo moja, majivu kidogo. Tena zinaelekeza macho kwenye kitu kilichokosekana, wala hazimwachi Mrumi kwenye ukuta kama shabaha ya chuki. Kumbukumbu isiyo na kipimo ndiyo aliyoikataa Rabi Yehoshua alipowakuta watu walioapa kuacha nyama na divai. Kusahau hakuzuii chuki. Huiachia uwanja, kwa kuwa msimulizi wa kwanza atakayejitokeza ndiye atakayeaminiwa.

Kwa hiyo kilichoziponza Rusubi, Bushubi na Bugufi si nyasi za ikulu zao, maana Hekalu la Yerusalemu lilikuwa la mawe makubwa na halikupona. Wala si kuhamishwa kwa watu, ijapokuwa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilizitenga kaya nyingi nchini na makaburi ya wazee wao. Desturi inayokaa mezani huhama pamoja na wenye meza. Kilichokosekana baada ya 1963 ni mtu wa kufanya kazi ya Rabi Yehoshua, yaani kukata kutoka kwenye hasara kubwa kipande ambacho kila nyumba ingeweza kukibeba. Kazi hiyo bado inawezekana, na haingoji fedha za makumbusho wala kibali cha halmashauri. Boma litunzwe, kwa kuwa nalo ni historia. Lakini familia itakayoamua kwamba mtama mpya hauonjwi kabla ya mtoto kuambiwa nani alitawala nchi hii na utawala wake ulikwishaje, itakuwa imehifadhi mengi kuliko kuta zile zilivyowahi kuhifadhi.