Mwanahabari wa Teknolojia Anayejitegemea

Mwanahabari wa teknolojia anayejitegemea ni mwandishi asiyeajiriwa na chombo chochote cha habari. Huandika kuhusu simu, tarakilishi na intaneti, akiyauzia magazeti makala yake na kuchapisha mengine katika blogu yake.

Nchini Kenya, kazi hii ilipata nguvu baada ya Safaricom kuzindua M-Pesa mwaka 2007, na nyaya za faiba za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo, intaneti ilitegemea setilaiti, hivyo ilikuwa ghali na ya kasi ndogo.

Wanablogu walidhihirisha umuhimu wao wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyeandika blogu ya Kenyan Pundit, alipendekeza ramani ya kuonyesha visa vya ghasia. Erik Hersman wa blogu ya White African, Juliana Rotich na David Kobia walishirikiana naye kuunda Ushahidi mwaka 2008. Mwaka 2010, Hersman alianzisha kituo cha iHub jijini Nairobi.

Kwa mwandishi anayeishi Gatitu, viungani mwa mji wa Nyeri, habari haziko Nairobi pekee. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2012, kina kampuni ya kutengeneza chipu za kielektroniki katika uwanja wake. Mjini Nanyuki, mradi wa Mawingu ulianza mwaka 2013 kwa ushirikiano na Microsoft, ukasambaza intaneti mashambani kwa masafa ya televisheni yasiyotumika na nishati ya jua.

Ugumu mkubwa ni kipato. Mwandishi hulipwa kwa kila makala, nayo malipo huweza kuchelewa huku nauli na gharama za intaneti zikimsubiri. Baadhi hutegemea matangazo ya kampuni zile zile wanazoziandikia. Anayepewa simu ili aifanyie majaribio anapaswa kuwafahamisha wasomaji, la sivyo maoni yake yatachukuliwa kuwa tangazo.

Hatari nyingine ni ya kisheria, kwani hana mwajiri wa kumlipia wakili. Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichotumiwa kuwashtaki wanablogu. Sheria ya Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 iliweka faini ya hadi Sh5 milioni kwa kuchapisha habari za uongo. Chama cha Wanablogu Kenya kiliipinga, na vifungu 26 vikasimamishwa kwa muda, lakini Mahakama Kuu iliidhinisha sheria hiyo Februari 2020.

Kwa sababu hiyo, mwandishi wa aina hii hana budi kuhifadhi stakabadhi na rekodi za mahojiano, na kumpa kila anayetajwa nafasi ya kujibu kabla ya kuchapisha.