Kabla hujafunika akwaria, pita kwanza Karagwe

Ukinunua samaki wa jamii ya kuyu kwa ajili ya akwaria ya nyumbani, muuzaji mzuri atakwambia jambo moja: funika juu. Wanaruka. Usipofunika, asubuhi utaokota samaki mkavu sakafuni. Sawa, lakini umewahi kujiuliza wanaruka kwenda wapi? Jibu lake ni la kihistoria, na historia hiyo inapita Karagwe.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Yule mdogo mwenye mistari minne myeusi unayemwona madukani asili yake ni Sumatra na Borneo. Ndugu zake wa kwetu wako Mto Kagera, huohuo unaotenganisha Karagwe na Kyerwa na nchi ya Rwanda, pamoja na vinamasi vyake vya mafunjo. Wapo wadogo wa urefu wa kidole. Halafu yupo kuyu mwenyewe, mwenye sharubu mdomoni, anayeweza kukaribia sentimita 90. Waganda humwita kisinja.

Sasa turudi nyuma. Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Alipokewa vizuri, akakaa hadi Januari 1862, kisha akavuka Kagera kuelekea Buganda. Julai mwaka huohuo akafika pale Nile inapotoka ziwani, Jinja ya leo, akakuta maelfu ya samaki wakiruka kupanda maporomoko. Maporomoko akayaita Ripon, na mpaka leo jina la Kiingereza la kuyu mkubwa limetokana na hayo maporomoko.

Usidhani samaki wale walikuwa wanacheza. Kuyu wa ziwani hupanda mito kwenda kutaga kwenye maji yanayokimbia, yenye changarawe na hewa ya kutosha. Kuupiga mkondo ndiyo njia yake ya kupata watoto.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwaka 1905 nyavu za makila zililetwa Ziwa Victoria. Samaki anayetaga ziwani ana sehemu nyingi za kujificha, lakini anayepanda mto lazima apite mlangoni. Wavuvi wakatega midomo ya mito msimu wa mvua, Kagera ikiwemo, wakawanasa majike wakiwa bado na mayai tumboni. Ningu aliumia vibaya, na kuyu pia akapungua. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls likakamilika na maporomoko ya Ripon yakazama. Miaka hiyohiyo sangara akaingizwa ziwani, na samaki wengi wa asili wakazidi kupungua.

Habari njema ni kwamba watafiti wa Uganda wameweza kumzalisha kisinja nje ya mto, ili wafugaji wa mabwawa wapate vifaranga bila kuvizia wazazi mtoni.

Haya, wewe na akwaria yako unafaidika nini? Kwanza, kuyu mkubwa si wa sebuleni, chagua jamii ndogo. Wafuge kundi, sita au zaidi. Akiwa peke yake huwa mwoga, na yule wa mistari minne huishia kung'ata mapezi ya wenzake. Weka pampu ili maji yatembee. Badilisha kama robo ya maji kila wiki, yasibadilishwe yote kwa mpigo, na yale ya bomba yaondolewe klorini kwanza.

Usidanganyike na uvumilivu wao. Magharibi mwa Uganda, watafiti waligundua kwamba kuyu wadogo wanaoishi kwenye vinamasi vya mafunjo, ambako oksijeni ni haba, wana mashavu ya kupumulia makubwa kuliko wenzao wa vijito vyenye hewa. Mwili umejipanga kulingana na maji ulimokulia. Wa kwako, aliyekulia maji yenye hewa, huwezi kumgeuza samaki wa kinamasi kwa kuzima pampu ili uokoe umeme.

La mwisho ndilo zito. Ukichoka kufuga, usimwage samaki wa dukani kwenye kijito, hata kama unaona unawahurumia. Maji ya vijito vya Karagwe na Kyerwa huishia Kagera, na Kagera huishia Ziwa Victoria. Sangara naye aliingizwa na watu waliodhani wanaleta faida tu. Mpe jirani anayefuga, au mrudishie muuzaji. Samaki walioruka mbele ya Speke wamebaki wachache, na mto wanaoupanda ni uleule unaopita karibu na kwako.