Mume Huacha, Mke Huachwa: Kisa cha Mtalaka Kutoka Berega Hadi Mikumi

Niliketi siku moja katika banda la chakula pale Mikumi, kwenye njiapanda ambapo barabara itokayo Morogoro kwenda Iringa huachana na ile iendayo Kidatu, nami mkononi nina kitabu chembamba kilichopauka jalada, tamthilia ya Penina Muhando ya mwaka 1976 iitwayo Talaka Si Mke Wangu, ambayo ndiyo kwanza nilikuwa naifungua. Mama mwenye banda, aliyekuwa akiwapakulia madereva wa malori wali na maharage, aliifuta mikono kwa upindo wa khanga, akakisoma kichwa cha kitabu kwa sauti, akakirudia kwa kituo kingine, talaka, kisha kimya kidogo, si mke wangu, halafu akaniuliza ni nani hasa asemaye maneno yale, mume au mke. Akaenda kupakua sahani nyingine bila kungoja jawabu, na ilikuwa heri, kwa sababu sikuwa nalo.

Kwa kadiri nionavyo mimi, asemaye ni mume, na hapo ndipo ulipo uzito wa swali lake. Kwani lugha yetu yenyewe, tukiisikiliza kwa makini, imekwisha kugawa kazi katika jambo hili, mume huacha na mke huachwa, mume hutoa talaka na mke hupewa, huandikiwa, hurejewa akirejewa, hukaa eda, na kila kitenzi kinachomhusu kimemweka upande wa kutendewa. Fasihi ya pwani nayo ilifuata mkondo huo huo. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utenzi wake katika visiwa vya Lamu mnamo mwaka 1858, alimuusia bintiye namna ya kuihifadhi ndoa na kuipata radhi ya mume, na wasia ule ukasomwa na kuhifadhiwa na vizazi vya wanawake; walakini mwanamke ambaye ndoa yake imekwisha kuvunjika, aliyebeba kitanda na masanduku yake kurudi kwao, ilimpasa angoje muda mrefu sana kabla ya mtu kuona kwamba hapo ndipo kisa chake kinapoanzia.

Aliyeliona hilo mapema alikuwa mwanamume. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad uliochapishwa mwaka 1958, alimwandika mwanamke wa Fumba, mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu, ambaye baada ya ndoa yake kuvunjika alihamia mjini Unguja mwaka 1911 pasipo mali wala elimu, na ambaye mwaka 1928 sauti yake ilinaswa katika sahani za santuri huko Bombay. Huo ni wasifu wa mtu aliyeishi, si hadithi ya kubuni, lakini umbo la hadithi limo ndani yake lote: kuachika, safari, kazi, jina.

Sasa turudi upande ule wa Mikumi, katika wilaya ya Kilosa, maana Penina Muhando alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, katika nchi ya Wakaguru kaskazini ya mji wa Kilosa, mahali palipojulikana kwa misheni ya Kianglikana na hospitali yake. Wakaguru, kama walivyo jirani zao Wasagara, na Wavidunda wa milima iliyo upande wa Mikumi, huhesabu nasaba kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake, tafauti kabisa na mahali ambapo mwanamke aliyeachwa hutoka mikono mitupu, watoto wakabaki kwa baba yao kama vyombo vya nyumba. Mtalaka wa Kikaguru aliporejea kwao, watoto wake, kwa nasaba, walikuwa wa huko tangu siku ya kuzaliwa. Hasha, sisemi kwamba aliishi kwa raha. Mahari ilidaiwa irejeshwe, wajomba wakajikuna vichwa wakitafuta mbuzi waliokwisha kuliwa zamani, na mashauri ya namna hiyo yalikuwa chakula cha kila siku cha mabaraza ya machifu wakati wa Mwingereza. Lakini alikuwa na pa kurudi. Sithubutu kudai kwamba tamthilia za Muhando zilichipuka moja kwa moja katika udongo huo, ila naona taabu kuamini kwamba binti aliyekulia mahali ambapo ukoo husimama juu ya mama angeweza kuiona talaka kuwa ndiyo hatima ya mwanamke.

Na zama zenyewe zilikuwa zimeiva. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imetaka magomvi ya mume na mke yafike kwanza katika baraza la usuluhishi, ikaipa mahakama uwezo wa kuvunja ndoa na kugawanya mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili, hata tamko la mume peke yake likawa halitoshi tena mbele ya sheria. Katika miaka hiyo hiyo wanawake walishika kalamu: mwaka 1975 zilitoka riwaya mbili, Shida ya Ndyanao Balisidya na Hana Hatia ya Martha Mvungi. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar akatoa Utengano, ambamo Tamima anapewa talaka na Maksuudi, na riwaya haiishii hapo. Muhando lakini alichagua jukwaa, nami nadhani alichagua vyema, maana kitabu humtaka msomaji awe na fedha, taa na faragha, mambo ambayo mwanamke wa kijijini aghalabu hana hata moja, ilhali mchezo hutazamwa uwanjani, mume akiwa amekaa hapo hapo akisikia. Katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 aliwaleta wanawake wa kijiji cha Patata wanaohangaika kuisimamisha nguzo moja, kila mmoja na mzigo wake, na miongoni mwao yumo mjane anayenyang'anywa mali na ndugu wa marehemu.

Mwaka uliofuata, 1983, swali la mama wa Mikumi lilifika kwa namna yake katika Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: je, mke aliyepika, akafua na kulea, asiye na mshahara, amechuma nini katika nyumba? Jaji Mkuu Francis Nyalali akaamua kwamba kazi ya nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na uamuzi huo ukawa rejea ya mahakama zetu hata leo. Rufani yenyewe ilitupwa. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzishia biashara, naye hakuianzisha, mahakama ikahesabu kwamba fungu lake amekwisha kulichukua. Basi Bi Hawa akatoka bila hata chumba kimoja cha nyumba aliyoidai, na hoja yake ikabaki ndani, imekwisha kuwa sheria.