Mayai yakikosa kuanguliwa, yapasue ujue chanzo cha hasara

MFUGAJI anayetumia kiangulio nyumbani asikimbilie kutupa mayai yaliyosalia baada ya siku 21. Ayapasue kwanza.

Yai lisilo na dalili ya kiinitete huenda halikurutubishwa, kagua jogoo. Kiinitete kilichokufa mapema aghalabu huashiria joto lililoyumba, hasa umeme unapopotea, au mayai yaliyohifadhiwa zaidi ya wiki moja. Kifaranga aliyekomaa akafia ndani ya ganda mara nyingi alikosa unyevu.

Katika mashine yenye feni, dumisha nyuzi 37.5 za selsiasi na ugeuze mayai angalau mara 3 kwa siku. Kuanzia siku ya 18, acha kuyageuza, ongeza unyevu ufike asilimia 65 hadi 70, wala usifungue kifuniko ovyo.