KIDANI CHA KHAYBAR

Vitabu vya sira vimejaa habari za mashujaa wa upanga. Majina ya waliobeba bendera yanajulikana kwa kila mtoto wa chuoni, na hiyo ni haki yao. Lakini nyuma ya safu za wapiganaji walikuwako watu wengine, waliokwenda vitani na viriba vya maji na vitambaa vya kufungia majeraha, na habari zao hupitwa upesi darasa zinaposomwa. Mmoja katika hao ni msichana wa kabila la Bani Ghifar, aliyefuatana na jeshi la Waislamu kwenda Khaybar mwaka wa 7 wa Hijra, yaani 628, kwa kuwauguza majeruhi, akarudi na nishani shingoni mwake.

Uuguzi wa vitani haukuanza siku hiyo. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3, Mtume (S.A.W.) mwenyewe alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika. Sayyidna Ali alileta maji katika ngao, na Bibi Fatima akawa anaosha damu. Alipoona kwamba maji hayazidishi ila kutoka kwa damu, alichukua kipande cha jamvi akakichoma, kisha akalibandika jivu lake juu ya jeraha, na damu ikakatika. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari, na ndani yake mna dawa na mna akili: mwenye kutibu alipoona njia moja haifai hakuing'ang'ania.

Miaka miwili baadaye, katika vita vya Khandaq, Saad bin Muadh alipigwa mshale uliokata mshipa wa mkono wake. Mtume (S.A.W.) akaamrisha apelekwe katika hema la Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, lililokuwa limepigwa ndani ya msikiti wa Madina. Bibi huyo alikuwa akiwatibu majeruhi na kujitolea kuwatumikia Waislamu wasiokuwa na mtu wa kuwaangalia. Mtume alitaka Saad awe karibu naye, naye kila apitapo asubuhi na jioni alimwuliza hali yake. Kwa muda jeraha lilifunga, kisha usiku mmoja likapasuka. Walikuwamo msikitini humo watu wa Bani Ghifar katika hema lao, na hawakutambua lililotokea mpaka walipoiona damu inatiririka kuwafikia, wakauliza ni kitu gani hiki kinachotoka kwenu. Saad alifariki kwa jeraha hilo.

Basi Bani Ghifar walikuwa wameyaona majeraha kwa macho yao kabla ya Khaybar. Safari hiyo ilipotangazwa, kundi la wanawake wao lilimwendea Mtume (S.A.W.) likamweleza kwamba wanataka kutoka pamoja naye, wawatibu waliojeruhiwa na wawasaidie Waislamu kwa kadiri ya uwezo wao. Akawakubalia na kuwaombea baraka ya Mwenyezi Mungu.

Ruhusa hiyo isidhaniwe kwamba ilikuwa jambo jepesi. Abu Daud amepokea kwamba wanawake sita wengine walitoka kwenda Khaybar bila ya kutaka idhini, na Mtume aliposikia aliwaita, nao wakaona ghadhabu usoni mwake. Akawauliza wametoka na nani na kwa ruhusa ya nani. Walimjibu kwamba wao wanasokota nywele na kusaidia kwa hizo katika njia ya Mwenyezi Mungu, wana dawa za majeruhi, wanawapa wapiganaji mishale na kuwakorogea unga wa nafaka iliyokaangwa wanywe. Baada ya kuwasikia hakuwarudisha.

Msichana wetu alikuwa bado mdogo. Ibn Hisham ameileta habari yake bila ya kumtaja jina. Ibn Saad amemwita Umayya binti Qays. Wataalamu wa hadithi wameitazama isnadi yake kwa tahadhari, kwa sababu mwanamke aliyeipokea kutoka kwake hajulikani sana kwao. Lakini kutoka kwa wanawake kwenda kutibu majeruhi kumethibiti kwa njia nyingi zilizo sahihi, kama hadithi ya Umm Atiyya, aliyekwenda katika vita saba akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa.

Kutoka Madina hata Khaybar ni mwendo wa kilomita 150 hivi kuelekea kaskazini, katika nchi ya mawe meusi. Kwa udogo wake, Mtume (S.A.W.) alimpandisha nyuma yake juu ya mfuko wa tandiko la ngamia. Kulipokucha ngamia akapigishwa magoti, na msichana aliposhuka akaona damu juu ya mfuko ule. Ilikuwa hedhi yake ya kwanza. Akajikunyata kwa haya, akajibanza kwa ngamia. Mtume alipomwona vile alimwuliza kwa upole kama amepatwa na hedhi, naye akakiri. Akamwambia ajitengeneze, kisha achukue chombo cha maji, atie chumvi, auoshe mfuko, na arudi kwenye kipando chake. Hakumrudisha Madina, wala hakumwambia kazi aliyoiendea imemshinda. Abu Daud ameiweka hadithi hii katika mlango wa tohara, na wako wanaousoma mlango huo mara nyingi bila ya kutambua kwamba wamo katika msafara wa vita.

Khaybar ilikuwa nchi ya mitende yenye ngome nyingi, na nyingi katika hizo zilipiganiwa moja moja. Kazi ya wauguzi haikukosekana. Salama bin al-Akwa alipigwa mguuni hata watu wakasema amekwisha, akapona kwa baraka ya Mtume (S.A.W.), na kovu lake lilionekana miaka mingi baadaye.

Ngome zilipofunguliwa, wanawake walipewa sehemu katika mali iliyopatikana. Hapa maulamaa wamekhitalifiana. Najda, mkubwa wa Makhawarij, alimwandikia Ibn Abbas kumwuliza kama wanawake waliokwenda vitani walikuwa na fungu lao. Ibn Abbas hakupenda kumwandikia mtu yule, ila alichelea kuificha elimu. Akamjibu kwamba walitibu majeruhi na wakatunukiwa katika ngawira, ama fungu kamili hawakuwekewa. Hiyo ndiyo kauli ya wengi. Imam Awzai yeye alisema walipewa fungu. Yule bibi mmoja wa wale sita, mjukuu wake alipomwuliza walipewa nini, alimjibu kwamba ni tende.

Lakini binti wa Ghifar alipewa zaidi ya tende. Mtume (S.A.W.) alichukua kidani, akamvika shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Si mali iliyokifanya kiwe na thamani, maana katika Khaybar zilipatikana mali kubwa zaidi ya hicho. Kilikuwa ni ushahidi wa Mtume juu ya kazi yake. Baadaye alipoisimulia habari yake alikionyesha shingoni mwake, akiapa kwamba hakijapata kumtoka.

Jambo la chumvi nalo hakuliacha. Kila alipojitoharisha na hedhi alitia chumvi katika maji yake. Alipokaribia kufa aliusia mambo mawili: maji ya kumwoshea maiti yake yatiwe chumvi, na kidani kisivuliwe. Akazikwa nacho.