Nani Alipewa Likizo Rabai?

Johannes Rebmann alishuka Mombasa mwaka 1846 akiwa kijana wa miaka 26. Alirudi kwao Ujerumani mwaka 1875, macho yakiwa karibu yamezimika kabisa. Katika miaka hiyo 29 hakukanyaga Ulaya hata mara moja. Safari yake ndefu ya kuelekea upande wa kwao iliishia Misri mwaka 1851. Huko alioa, kisha akarudi Rabai na mkewe Emma.

Shuleni tunamjua Rebmann kwa sababu ya mlima. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika habari zake, na wasomi wa London wakamcheka. Ati theluji ikweta? Mlima umeandikwa sana. Kuna swali jingine ambalo halina sura yake vitabuni: mtu anayetumwa kuhubiri ugenini hupumzika lini, na anapopumzika, huenda wapi?

Tuanze na usafiri. Ludwig Krapf, aliyemtangulia Rebmann, alitoka Aden kwa jahazi mwishoni mwa 1843 na kufika Unguja mapema 1844. Wakati huo Mfereji wa Suez haukuwepo, maana ulifunguliwa mwaka 1869. Jahazi lilifuata pepo. Kaskazi ilikuleta huku kuanzia Desemba hivi, kusi ikakurudisha katikati ya mwaka. Ukikosa upepo, ungoje msimu mwingine. Hakukuwa na kuomba ruhusa Ijumaa ukapumzike wiki mbili.

Na homa haikungoja msimu. Mwezi Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa, Krapf alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Kaburi la Rosine liko Nyali hadi leo. Wengi wanaokwenda ufuoni huko Desemba hulipita bila kujua.

Krapf mwenyewe alienda likizo mwaka 1850, ila usifikirie kujinyoosha. Alizunguka Uingereza na Ujerumani akieleza ndoto yake ya kupanga vituo vya misheni kutoka pwani mpaka ndani ya bara. Alionana hata na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria. Likizo ya mmishenari ilikuwa hiyo: hotuba, kuomba watu, kuomba pesa. Mwaka 1851 alirudi na watenda kazi wapya. Mmoja wao, Pfefferle, akafa kwa homa muda mfupi baada ya kufika. Mwaka 1853 Krapf aliondoka tena, safari hii kwa ugonjwa.

Rebmann akabaki. Emma akafa mwaka 1866, bado akabaki. Alikuwa anakusanya maneno, Kiswahili, Kinyika, hata Kinyanja, akiyapanga kamusi. Wapo waliomwona shujaa, wapo waliomwona mkaidi aliyesahau njia ya kwao. Mimi naona kitu cha kawaida zaidi. Ukikaa mahali miaka ishirini, "kwenu" huanza kuhama bila kukuuliza.

Baadaye mambo yalilegea. Meli za moshi zilipunguza miezi ikawa wiki. Reli ya Uganda ilifika ziwani, Kisumu, mwaka 1901, na nyanda za juu zikawa karibu. Kijabe, kwenye hewa baridi inayotazama Bonde la Ufa, wamishenari wa Africa Inland Mission walianzisha shule ya watoto wao mwaka 1906. Miaka mitatu baadaye Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani na kuja kuwinda, aliweka jiwe la msingi la jengo lao. Misheni, mapumziko na utalii vilikuwa vimeanza kupanda gari moshi moja.

Lakini hebu turudi Rabai, kwa sababu hapo ndipo hesabu ya likizo inapokataa. Mwaka 1864 walifika vijana kama William Jones na Ishmael Semler. Walikuwa Waafrika waliokombolewa utumwani wakiwa watoto, wakapelekwa India na kusomeshwa kwenye shule ya misheni huko Nasik. Waliitwa Waafrika wa Bombay. Jones alizaliwa kwa Wayao, mbali kusini. Kwa macho ya walioko London alikuwa amerudishwa nyumbani, yaani Afrika. Kwa Wamijikenda wa Rabai alikuwa mgeni mwenye Kiingereza na desturi za India. Sasa mtu kama huyo, ukimpa likizo ya kwenda kwao, akate tikiti ya wapi?

Mtazame pia Apolo Kivebulaya. Mganda huyu alienda kuhubiri Mboga mwaka 1896, na mpaka wa wakoloni uliponyooshwa, Mboga ikajikuta ndani ya Kongo. Alifanya kazi pande hizo, hadi msituni kwa Wambuti, na akafa Mboga mwaka 1933. Inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu aliotaka injili iendelee kwenda. Hatumhesabu sana kama mmishenari wa ng'ambo, kwa kuwa hakuvuka bahari. Alivuka tu lugha, mpaka na mlima.

Neno likizo linatoka kwenye kulikiza, kumwachisha mtoto ziwa. Ukilisikiliza hivyo, linauliza unatolewa kwenye nini na unarudi kwa nani. Mmishenari wa Ulaya alikuwa na jibu tayari: kuna kwao, kuna meli, kuna shirika la kumlipia. Jones na Apolo walihesabiwa kuwa wako nyumbani tayari, na aliye nyumbani hapewi nauli ya kurudi.

Rebmann alipoondoka mwaka 1875, kipofu hivi, hakuweza kusafiri peke yake. Kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, ndiye aliyemsindikiza mpaka Ulaya. Rebmann alifia Korntal mwaka uliofuata. Nyondo alirudi Rabai, akaendelea na kazi ya kanisa.

Leo vikundi vya misheni hutua Nairobi kwa wiki mbili, wakapaka rangi darasa, halafu siku mbili za mwisho ni Maasai Mara. Sina ugomvi na hilo, simba ni wa wote na kupumzika si dhambi. Ila ukiwaona, mtafute pia kwenye picha yule dereva, yule mkalimani, yule anayewashikia mkono. Muulize likizo yake ni lini.