Walinzi wa Kuzaliwa Nao na Saratani ya Matiti

Ikitajwa kinga ya mwili, wengi wetu hufikiria chanjo. Lakini kila mwanadamu huzaliwa na walinzi wake. Wako makrofaji, chembe kubwa zinazomeza vijidudu na chembe zilizokufa. Wako pia wauaji wa asili, chembe za damu zilizotambuliwa na wanasayansi miaka ya 1970. Hawa hawangoji kufundishwa. Hukagua chembe moja moja, na yenye dalili ya kuharibika huiua.

Mbona basi uvimbe wa titi huwapita? Kwa sababu umetoka mwilini humo humo. Chembe nyingi za saratani hujivika protini ya CD47, ambayo kwa makrofaji ni kama kuambiwa "usinile". Na makrofaji walio ndani ya uvimbe mara nyingi hugeuka, wakasaidia kuotesha mishipa ya damu ya kuulisha. Bawabu kala mlungula.

Fikra ya kuwaamsha walinzi hawa si ngeni. Mwaka 1891 huko New York, daktari William Coley alianza kuwadunga wagonjwa bakteria ndani ya uvimbe. Na BCG, ile chanjo iliyotuachia kovu mkononi, leo hutiwa kwenye kibofu cha mkojo kutibu saratani ya mapema.

Kwa matiti, dawa inayojulikana zaidi ni trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Hunata kwenye protini iitwayo HER2, ikazuia uvimbe kuchochewa kukua, na mkia wake ukawa mpini wa kushikwa na wauaji wa asili. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha margetuximab, ambayo mkia wake umerekebishwa ili ushikike zaidi.

Lakini ni kiasi cha mwanamke mmoja kati ya watano au sita wenye saratani ya matiti ambaye uvimbe wake una HER2 nyingi. Kwa wengine dawa hii haifai kitu. Kwa hivyo dada yangu, kikishakatwa kipande cha uvimbe, muulize daktari: kimepimwa HER2? Na homoni je? Ukiandikiwa trastuzumab, uliza pia moyo utapimwa lini, maana yaweza kuudhoofisha.

Sina ugomvi na habbasoda, hata kwangu haikosekani. Ila chupa ya "kuongeza kinga" inayouzwa mtaani haiwaonyeshi walinzi chembe ipi ya kuua, na miezi inayopotea mtu akiinywa, uvimbe haulali.